Karani ni Nani? Maana ya Neno na Matumizi Yake Mombasa

Neno karani ni miongoni mwa maneno ya kazi yanayotajwa sana katika kisiwa cha Mombasa, na pia ni miongoni mwa yale yanayotajwa bila kupimwa. Mtu anayekwenda mahakamani kutafuta faili ya kesi yake husema amemwendea karani. Mwenye shehena Kilindini husema mali yake imehesabiwa na karani. Mzee wa Kibokoni akizungumza habari za marehemu baba yake husema, "Alikuwa karani wa Reli," na kwa maneno hayo machache huwa amekwisha kueleza kwamba baba yake alijua kusoma na kuandika, alivaa viatu, na alipokea mshahara wa mwezi na si wa kutwa. Tena huko Nairobi mtumishi mkuu wa Bunge la Taifa, ambaye huketi mbele ya Spika na kuisimamia afisi yote ya Bunge, cheo chake kwa Kiswahili cha Kenya ni Karani wa Bunge.

Yawezekanaje basi jina moja limfae mtu wa mshahara mdogo anayenakili barua, nalo limfae pia mtumishi wa cheo kikubwa namna hiyo? Wapo wanaojibu kwamba Kiswahili kina uchache wa maneno ya afisini. Jibu hilo si sahihi, kwa maana maneno yapo mengi, kama itakavyoonekana hapa chini. Sababu yenyewe ni kwamba neno karani tangu mwanzo halikuwa jina la cheo. Lilikuwa jina la mtu ambaye maandishi yake yanakubaliwa na pande mbili zisizoaminiana. Ukubwa wake au udogo wake ulitegemea ukubwa wa mali au wa jambo alilokabidhiwa kuliandika.

Neno hili halikuanza mezani, wala halikuletwa na Wazungu kama wengi wanavyodhani. Lilifika Pwani kwa njia ya bahari. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipita Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, akaisifu misikiti yake ya mbao iliyojengwa vizuri, kisha akaendelea na safari yake hadi Kilwa. Kutoka huko alikwenda Dhofar, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Oman. Katika habari zake za Dhofar ameeleza jinsi vyombo kutoka India vilivyopokewa: watumwa wa sultani walikiendea chombo kwa mashua wakichukua mavazi ya heshima kwa ajili ya watu watatu, yaani mwenye chombo au wakili wake, na rubani, ambaye zama zile ndiye aliyekiongoza chombo, na karani. Naye ameeleza kwamba karani ni mwandishi wa chombo. Yafaa kutazama ni nani waliowekwa pamoja. Mmoja ana mali, mmoja ana elimu ya bahari na nyota, na wa tatu hana ila daftari. Lakini wote watatu walivikwa.

Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar wa India, aliandika kitabu kikubwa juu ya mambo ya dola ile, na katika sehemu ya vyombo vya bahari amewataja mabaharia mmoja mmoja na kazi zao. Karani yumo, na kazi zake ni mbili: kuandika hesabu za chombo, na kuwagawia abiria maji. Msomaji asiyepata kusafiri kwa jahazi huenda akaona ajabu kazi hizo mbili kupewa mtu mmoja. Lakini katikati ya bahari, siku ya ishirini tangu kuiacha nchi kavu, maji ndiyo hesabu kubwa kuliko zote. Atakayempendelea ndugu yake kwa kibaba kimoja atawatia wenzake wote katika hatari. Basi maji walimwachia yule yule aliyekwisha kuaminiwa kwa kalamu.

Kwa sababu lilisafiri na pepo za msimu, neno hili limesambaa katika Bahari ya Hindi yote. Wabengali wa Kolkata husema kerani, nao humaanisha mtu wa kuandika afisini. Wamalay wa Malaysia husema kerani vile vile, kwa maana hiyo hiyo. Mtu wa Mombasa akiingia katika afisi ya Kuala Lumpur na kusikia neno hilo hahitaji mkalimani. Wamisionari waliokusanya maneno ya Kiswahili katika karne ya kumi na tisa walimkuta karani wa aina zote mbili, yule wa chomboni anayesimamia shehena na yule wa nchi kavu anayeandika barua na hesabu, wakawaandika pamoja katika kamusi zao.

Katika Bandari ya Kale ya Mombasa, chini ya nyumba za Mji wa Kale, ukarani wa namna ile ya kwanza ulionekana kwa macho mpaka karne ya ishirini. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba, majahazi ya Uarabuni, ya Ghuba na ya India yalitia nanga yakiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Kusi ilipoanza yalirudi yamepakia boriti za mikoko, nyingi katika hizo zikitoka sehemu za Lamu. Nahodha ndiye aliyekuwa mkubwa wa chombo, na sarahangi alisimamia mabaharia. Lakini siku ya kupakia na kupakua, macho yote yalikuwa kwa mwenye daftari. Mahamali walipita mmoja mmoja juu ya ubao, kila mzigo ukitajwa kwa sauti, naye akitia alama.

Boriti zilihesabiwa kwa korija, na korija moja ni boriti ishirini. Shehena ya korija mia ni boriti elfu mbili. Karani aliyepitiwa na usingizi akaacha kutia alama korija tano tu, amepoteza boriti mia moja, na hapo hakuna wa kulaumiwa ila yeye, kwa kuwa mahamali amekwisha kwenda zake na boriti hazina midomo. Ndiyo maana mfanyabiashara mwenye akili alimweka mtu wake mwenyewe pwani ahesabu naye, na jioni madaftari mawili yalilinganishwa. Mara nyingi moja lilikuwa kwa herufi za Kiarabu na la pili kwa herufi za Kigujarati, na kila mmoja wa waandishi hao hakuweza kusoma la mwenziwe. Walisomeana kwa mdomo, na jumla zikilingana, biashara imekwisha.

Hali hiyo ilibadilika katika muda usiozidi miaka ishirini. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati ya malkia wao ya kutawala, ikaweka makao yake Mombasa. Mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi kutoka mikononi mwa Kampuni. Mwaka 1896 kazi ya kujenga Reli ya Uganda ikaanza hapo hapo kisiwani. Kila moja ya hizo ilitaka afisi, na kila afisi ilitaka watu wa kuandika: orodha za vibarua, hesabu za vyuma na mbao, ushuru wa forodha, barua za kwenda Unguja na London. Karibu na Ngome, iliyofanywa gereza mwaka 1895, ikajengwa nyumba ya mahakama mwaka 1902, na afisi nyingine zikafuata katika sehemu inayoitwa Uwanja wa Hazina. Mwendo kutoka Forodhani mpaka hapo ni wa dakika chache tu. Neno karani liliupita mwendo huo likatoka chomboni, likakaa kitini.

Lakini waliokuwa makarani hawakupita nalo. Hapa ndipo penye jambo ambalo watu husahau kulitaja wanapozungumza habari za elimu ya Pwani. Wazee wa Mji wa Kale waliokuwa wakiandika Kiswahili na Kiarabu kwa herufi za Kiarabu, wakiandika wasia, hati za mauzo, rehani na barua za biashara, na ambao mwandiko wao ulijulikana Lamu mpaka Unguja, walihesabiwa katika afisi mpya kuwa ni watu wasiojua kuandika. Elimu yao haikupungua hata chembe. Ila kilichotakiwa sasa kilikuwa ni herufi za Kilatini na lugha ya Kiingereza. Viti vilishikwa na Wahindi na Wagoa walioletwa kutoka ng'ambo, na vingine na vijana wa misheni za Freretown na Rabai, waliokwisha kufundishwa Kiingereza. Freretown, ng'ambo ya kisiwa, ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kwa hiyo mtoto wa mtu aliyefika Pwani akiwa na minyororo aliweza kuwa karani wa Serikali kabla ya mtoto wa mwanachuoni wa Ndia Kuu. Shule ya Serikali kwa watoto wa Kiarabu ilifunguliwa Mombasa mwaka 1912 tu. Watoto wa mji walichelewa kuingia katika kazi ambayo jina lake lilikuwa katika bandari yao kwa muda mrefu.

Madhara ya jambo hilo hayakuwa ya mishahara peke yake. Mwaka 1908 ilitungwa Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa Pwani. Kila mwenye shamba au kiwanja alitakiwa alete madai yake yaandikwe na yaamuliwe, na ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Mtu alikwenda na hati yake ya zamani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, au hakuwa na hati bali mashahidi. Maneno yake yakafasiriwa, yakaandikwa kwa Kiingereza, na tangu hapo yaliyoandikwa ndiyo yaliyokuwa maneno yake.

Fikiri sasa kazi hiyo ilivyokuwa nyeti. Shamba la Pwani lilitajwa mipaka yake kwa mbuyu, kisima, kaburi, na shamba la fulani bin fulani. Jina moja laweza kuandikwa kwa herufi za Kilatini kwa njia tano, na ukoo ukaachwa kabisa kwa kuwa mwandishi hakuuona kuwa na kazi. Mwenye kusema hakuweza kukisoma kilichoandikwa, na mwenye kuandika hakuujua mbuyu. Mahali ambapo zamani palikuwa na madaftari mawili yakisomwa pamoja jioni, palikuwa sasa na daftari moja. Kesi za ardhi za Pwani zilizowahangaisha wajukuu zina sababu nyingi, kubwa kuliko kalamu ya mtu mmoja: wengi hawakuipata habari ya sheria, wengine hawakuwa na nauli, na wengine waliokuwa wakiishi na kulima kwa ruhusa tu hawakuwa na cha kudai mbele ya sheria ile. Lakini neno lililoandikwa siku ile ndilo lililokuwa likifunuliwa kila mara kesi ilipoanza upya.

Kwa upande mwingine, wale waliopata kazi ya ukarani hawakuwa katika raha wanayodhaniwa. Mishahara ya watumishi wa Serikali ilipimwa kwa rangi za ngozi. Karani Mwafrika aliweza kukaa meza moja na karani Mhindi, wakaandika katika kitabu kimoja, na mwisho wa mwezi wakapokea fedha zisizolingana. Na wote wawili walikuwa chini ya Mzungu. Tume ya Holmes, katika taarifa yake ya mwaka 1948, ilishikilia kwamba asiyekuwa Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu wa cheo hicho hicho. Msingi huo uliondolewa baada ya taarifa ya Tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Mtu wa kawaida aliyemwona karani amevaa suruali na kushika kalamu ya wino alimdhania tajiri, na jamaa zake wakamjia na haja zao kwa wingi kuliko mshahara wenyewe.

Tena karani alikuwa mtu wa kwanza kuziona hesabu hizo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika orodha za mishahara ya wenzake wote. Haistaajabishi basi kwamba vyama vya mwanzo vya watumishi vilianzishwa na makarani. Tanga, bandari jirani upande wa kusini, Martin Kayamba, karani wa Serikali, alianzisha mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Na mwaka 1931 yeye mwenyewe alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Watu waliofundishwa kunakili barua za wakubwa walijifunza pia jinsi barua kwa wakubwa inavyoandikwa.

Baada ya historia hiyo, yafaa kulitenga neno hili na majirani zake, maana hapo ndipo watu wanapokosea.

Neno linalochanganywa zaidi na karani ni katibu. Katibu ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kuandika, hata kwa maana maneno hayo mawili ni ndugu. Lakini matumizi yamewatenga. Katibu siku hizi ni mwenye madaraka katika chama, baraza au wizara. Hutekeleza maazimio, hutoa amri kwa watumishi, na huenda asiandike mstari mmoja kwa mkono wake mwaka mzima. Karani hutunza kumbukumbu. Chama cha kuzikana cha mtaa chaweza kuwa na katibu asiye na karani, lakini mambo yake yote yatakuwa kichwani mwa katibu, na siku atakapohama chama kitahama naye.

Katika jambo la Bunge nchi mbili jirani zimechagua njia mbili. Tanzania humwita mtumishi mkuu wa Bunge Katibu wa Bunge, na Kenya humwita Karani. Wapo wanaoona kwamba Kenya imemshusha mtu huyo kwa kumpa jina la mnakili barua. Wakikumbuka karani wa Dhofar wataona kwamba hakushushwa. Upande wa Serikali na upande unaoipinga hawaaminiani, na ni lazima awepo mtu ambaye akisema muswada huu umesomwa mara ya pili, au kura zilikuwa kadha wa kadha, pande zote mbili zinyamaze. Huyo ni karani kwa maana kamili ya zamani.

Mwandishi, ingawa ni mtu wa kuandika, siku hizi ni wa vitabu au wa magazeti. Mhazili, neno linalotumika Tanzania zaidi kuliko Kenya, ni yule anayepiga taipu barua za mkubwa na kutunza siri na miadi yake. Mombasa wengi husema sekretari tu. Tarishi ni mpeleka barua na faili kutoka chumba hiki hadi kile. Hana kalamu ya afisi, na kumwita karani ni kumpandisha cheo. Watu wa mjini wanalijua hilo, nao humwita "Bwana Karani" kwa makusudi ili awafungulie mlango mapema. Msajili ni mkubwa kuliko wote hao katika mambo ya hati, kwa sababu yeye hukubali au hukataa.

Tofauti ya msajili na karani ni ndogo mdomoni lakini ni kubwa mfukoni. Karani hupokea karatasi, huziandika katika kitabu au katika kompyuta, huzipa nambari, hupokea ada iliyowekwa na kutoa risiti, na hupanga tarehe kwa amri ya mkubwa wake. Hana uwezo wa kuipunguza ada, wala wa kuongeza mwaka katika umri wa mtoto, wala wa kujua hakimu au kadhi atahukumu vipi. Anayempa karani fedha za siri ili kesi yake ishinde amevunja sheria, na tena amenunua kitu kwa mtu asiyekuwa nacho. Karani wa namna hiyo aweza kupokea kwa mdai na kwa mdaiwa pia, kwa kuwa mmoja wao hana budi kushinda. Kinyume chake, kuna jambo ambalo mwananchi ana haki nalo na wengi huliona haya: kuomba asomewe kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi au kidole. Jina la mtoto katika cheti cha kuzaliwa, jina la baba katika kitambulisho, na nambari ya kiwanja katika hati ya mauzo ni mambo yanayosahihishwa kwa dakika moja yangali mezani. Yakitoka hapo yataka hati ya kiapo, wakili, nauli na miezi. Na mtu ambaye cheti chake chasema Mohamed na kitambulisho chasema Muhammad aweza kuambiwa kwamba yeye ni watu wawili, hasa siku ya kugawa mirathi.

Karani wa shehena naye hakupotea, ingawa kazi yake si ile ya Bandari ya Kale. Kilindini, mahali pa meli kubwa tangu mwanzo wa karne ya ishirini, makarani wa tali walisimama kando ya kreni wakihesabu magunia ya kahawa na marobota ya pamba kama walivyofanya wenzao wa majahazi, ila kwa Kiingereza. Makontena yalipoenea, maelfu ya magunia yakawa ndani ya sanduku moja la chuma lenye nambari, na kilichobaki kuhesabiwa ni nambari. Tangu mwaka 2008 hesabu za bandari zimekuwa zikiandikwa kwa mtambo wa kompyuta, na karani huthibitisha kile ambacho mtambo umekwisha kukijua. Hata hivyo sanduku likifika na lakiri iliyovunjika, mtambo hauwezi kusema nani aliivunja, naye huitwa mtu aje aone na kuandika.

Neno lenyewe lingali linapata kazi mpya. Katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 waliopita nyumba kwa nyumba waliitwa makarani wa sensa, wengi wao vijana waliobeba vishikwambi badala ya madaftari. Nchini Kenya wanaohesabu kura vituoni huitwa makarani wa uchaguzi, na hao ndio waliorudi karibu kabisa na kazi ya pwani ya Mji wa Kale: kila karatasi huinuliwa ionekane, hutajwa kwa sauti, na mawakala wa pande zote hutia alama zao wenyewe katika karatasi zao.

Machache ya sarufi. Wingi wa karani ni makarani, lakini kwa kuwa ni mtu, maneno yanayomfuata huandamana na watu: karani huyu amefika, makarani hawa wamefika. Anayesema "karani hili limekuja" amekusudia kumtukana. Kazi yake ni ukarani, na barua iliyoandikwa kwa mtindo wa afisini, yenye salamu ndefu na jambo fupi, watu huiita ya kikarani. Kusema "mkarani" si Kiswahili sanifu, ingawa lugha jirani zimelipa neno hili viambishi vyao wenyewe. Wakikuyu na Wajaluo nao wamelichukua, kwa maana ya afisini.

Wanyarwanda husema umukarani, na kwao neno limekwenda mbali kuliko kote. Katika soko na vituo vya mabasi vya Kigali, abakarani ni wale vijana wanaowabebea wateja mizigo kichwani na mgongoni kwa malipo, na wengine huwaita karani ngufu, yaani karani wa nguvu. Mgeni kutoka Mombasa anayetafuta mtu wa kumwandikia barua asiliite jina hilo sokoni, maana atajiwa na watu wanne wenye mabega mapana, kila mmoja akiuliza mzigo uko wapi.